Breki Mbili za Bi Mkubwa

Jina la Nati alipewa na baba yake kwa hasira, siku mzee huyo alipokaa kitandani avue viatu akajikuta chini, godoro juu yake na mbao zimemlalia magotini. Mtoto alikuwa amefungua nati zote za kitanda ili aone zinavyokazana. Alipoulizwa kwa nini hakuzirudisha, alijibu kwamba moja imeliwa meno, isingekaza, kwa hiyo ameona bora kitanda kisubiri. Baba alinyanyua fimbo, kisha kicheko kikamzidi nguvu, fimbo ikamponyoka. Tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likawekwa kando. Hata mkewe, walipochumbiana, alikaa muda mrefu akidhani Nati ndilo jina alilopewa na wazazi, na alipoambiwa lile jingine alisema halimkai vizuri, kama shati la kuazima.

Kaka yake, kifungua mimba wa nyumba hiyo, aliitwa Dereva kabla hata miguu yake haijafikia pedali. Baba yao alikuwa amenunua trekta kuukuu kutoka shamba kubwa lililokuwa linafunga kazi. Zamani lilikuwa jekundu. Wakati huo lilishapauka likawa rangi ya tofali. Liliingia uani likikohoa moshi, na kuanzia hapo ndugu hao wawili waligawana kazi bila kuambiwa. Mmoja alipanda juu, mwingine akaingia chini. Dereva hakujali kilichomo ndani ya injini alimradi inanguruma. Nati naye hakuwa na hamu ya usukani, na mara chache alizolipeleka shambani alirudi matuta yamekwenda upogo, kaka yake akamwambia, "Bwana mdogo, umelima kama nyoka mlevi. Rudi chini kwako."

Wakakua hivyo, wakaoa hivyo, baba akafa akawaachia trekta hivyohivyo. Mke wa Dereva, mwanamke mcheshi asiyeweza kukaa na neno mdomoni, ndiye aliyelipa trekta jina. Wiki ile ya kwanza ya ndoa aliamka asubuhi akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu, akatoka nje, akamkuta mumewe anaifuta radieta kwa kitambaa kilichokuwa, hadi jana yake, taulo jipya la harusi. Akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe nimeletwa mke wa pili," akasema. "Bi Mkubwa yuko bandani, anakunywa dizeli."

Basi likawa Bi Mkubwa. Majirani waliokuja kuomba kulimiwa waliuliza kwanza, "Bi Mkubwa ameamkaje?" Na siku akigoma kuwaka, shemeji huyo wa Nati alisema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Amenuna. Mume alilala kwangu."

Kumweka Bi Mkubwa hai ilikuwa kazi ya Nati. Vipuri vyake havikuonekana tena dukani. Muuza vipuri mjini alikuwa akicheka tu akiulizwa. Kwa hiyo Nati alivitengeneza. Gasketi, zile karatasi za kuzuia oili isivuje, alikata kwa katoni nene aliyoiloweka kwenye oili. Bushi, vile vipete ambamo vyuma huzungukia, alichonga kutoka kwenye koki za shaba za mabomba yaliyotupwa. Pampu ya dizeli aliifungua juu ya shuka jeupe, mkewe akalalamika kuhusu shuka, yeye akamwonyesha kidude kidogo kuliko punje ya mtama na kumwambia kikidondoka kwenye vumbi hakuna kulima mwaka huo. Kesho yake mke alimletea shuka jingine.

Sasa, matrekta ya zamani yana pedali mbili za breki, zote upande wa kulia. Moja ni ya gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine ya gurudumu la kulia. Shambani dereva hukanyaga moja peke yake, gurudumu la upande huo likasimama na lile jingine likazunguka, trekta likageuka palepale kama mtu anayezungukia kisigino. Lakini barabarani pedali hizo lazima ziunganishwe kwa komeo dogo la chuma, zishuke pamoja. Ukisahau komeo, ukakanyaga moja ukiwa kwenye mwendo, trekta linajirusha upande na kupinduka. Komeo lenyewe linashikiliwa na pini, nene kama kidole cha mtoto. Pini hukaa mahali pake sikuzote, komeo liwe limefungwa au liko wazi.

Pini ya Bi Mkubwa ilikuwa imelika. Nati aliitoa, akachukua bolti ya shafti ya lori bovu, akaikata, akaipiga tupa hadi ikaingia kwenye tundu lake kwa kusukumwa na dole gumba. Alimwita kaka yake aje ajaribu. Dereva alikanyaga mara kadhaa, akasema, "Imekaa kama ya kiwandani," akaondoka zake. Pini hiyo ililima msimu mmoja na wa pili, na hakuna aliyeikumbuka.

Siku ya ajali Nati alikuwa bandani ananoa jembe la plau. Msimu ulikuwa unaishia, Dereva alikuwa amekwenda kumalizia shamba la mlimani, na mlio wa Bi Mkubwa akirudi ulikuwa ukisikika mbali, ukija kwenye mteremko. Nati alikuwa na mazoea ya kuusikiliza bila kuusikiliza, kama mtu anavyosikia pumzi za mwenziwe kitandani. Ghafla mlio ukapanda juu, mkali, wa injini iliyotupa mzigo. Ukakatika.

Alikimbia na jiwe la kunolea mkononi. Alipofika, wanaume waliokuwa mashamba ya jirani walishafika, wameshika miti, wanainua. Bi Mkubwa alilala ubavu bondeni mwa barabara, magurudumu ya upande mmoja yakiangalia juu, dizeli inamwagika kwenye nyasi. Dereva alikuwa chini ya madigadi, lile bati zito linalofunika gurudumu la nyuma. Walimtoa. Mmoja wao akavua shati akamfunika uso, na hapo ndipo Nati alipoelewa. Alikaa chini. Mtu alimnyang'anya jiwe polepole, kidole kwa kidole.

Walizika. Mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo, Bi Mkubwa akiwa bado amelala kule mteremkoni kwa sababu hakuna aliyetaka kumgusa. Mvua ilipokatika, fundi wa kuchomelea, jirani na rafiki wa Nati tangu utotoni, alileta ng'ombe na minyororo, wakamsimamisha na kumkokota hadi bandani. Usukani ulikuwa umepinda kama sahani iliyokanyagwa. Pedali za breki zilikuwa zimelala, moja juu ya nyingine. Komeo lilining'inia. Kwenye tundu la pini kulikuwa na nusu ya pini.

Nati aliiona kabla hata minyororo haijafunguliwa. Fundi wa kuchomelea aliona anachokiangalia.

"Usianze," akasema. "Nakujua. Usianze kujichuna ngozi. Ni kazi ya Mungu."

"Sijasema kitu."

"Unasema kwa macho. Trekta tani mbili limejibwaga, unataka kipini kisikatike? Hata mfupa..." Akajikuta amefika mahali pabaya, akameza maneno.

Nati alisubiri aondoke. Kisha alipanda mteremko, akapiga magoti, akaanza kupapasa nyasi. Alikwenda siku hiyo na zilizofuata. Watu waliopita walimsalimia mbali wakaharakisha. Wengine walidhani anamwombea marehemu, wengine walisema ameguswa akili. Mkewe alimletea chakula kule kule, akakiweka juu ya jiwe. Aliporudi kuchukua sahani alimkuta ndege anakidonoa na mumewe yuko hatua chache pembeni, mikono imejaa matope.

"Ukiipata itakwambia nini?" akamuuliza.

"Chuma kina namna yake ya kukatika," alisema Nati. "Kikiwa na ufa wa siku nyingi, ndani kunakuwa na weusi pale ufa ulipoanzia, kama jino bovu. Kikikatika kwa kishindo, kinakuwa cheupe kote, kinameta. Nikiiona nitajua. Kama ilikuwa na ufa, ilikatika barabarani, na ni mimi niliyemuua. Kama haina, basi alisahau komeo, na pini ilikatika baada ya kuanguka."

Mkewe alimfukuza ndege, akaokota sahani. "Na wewe unataka iwe ipi?"

Majibu yote mawili yalikuwa mabaya. Ama yeye ameua, au anamsingizia uzembe mtu aliyeko kaburini asiyeweza kujitetea.

Aliipata. Ilikuwa imezama kwenye udongo wa mfereji, chini kabisa ya mteremko. Aliisafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini, akaitoa na ile nusu nyingine kwenye tundu, akaziweka kwenye mwanga wa mlango wa banda. Nyuso zote mbili zilikuwa kutu tupu, nyekundu, laini kama unga. Maji ya mvua yalikuwa yamekaa ndani yake. Kama kulikuwa na weusi, umeliwa. Kama kulikuwa na weupe, umeliwa. Alizigeuza, akazigeuza tena. Alijaribu kuziunganisha, zikakataa kwa sababu kingo zilishakwisha. Angekuwa amemnyanyua Bi Mkubwa siku ile ile ya ajali, angeona. Hilo nalo lilimwingia moyoni likakaa.

Shemeji alikuja siku chache baadaye. Hakuwa ameweka mguu bandani tangu msiba. Alisimama mlangoni, mwanamke aliyekuwa hawezi kukaa na neno mdomoni, akatazama makopo ya bolti na Bi Mkubwa aliyefunguliwa vipande vipande juu ya magunia.

"Shemeji, wanasema umepata kitu."

"Nimepata pini. Imekatika."

"Ilikatika ndipo akaanguka, au alianguka ndipo ikakatika?"

Nati alishangaa jinsi alivyoliweka swali hilo. Yeye mwenyewe alihangaika nalo siku nyingi asilipate kwa ufupi hivyo.

"Sijui."

"Wewe ndiye fundi."

"Ndiyo. Na sijui. Mvua imekula kila kitu."

Shemeji aliegemea mlango. "Basi sema ni wewe. Au sema ni yeye, alisahau komeo. Mimi namjua mume wangu, alikuwa mtu wa haraka, mara ngapi ametoka nyumbani na kiatu kimoja cha huku na kingine cha kule. Sema lolote, shemeji yangu. Mimi silali. Nikisema nimchukie yeye, nakuona wewe. Nikisema nikuchukie wewe, namwona yeye."

"Basi ni mimi," alisema Nati.

"Una hakika?"

"Hapana."

"Sasa umenipa nini?" Sauti yake ilipasuka. "Umenipa nini hapo? Nimekuja kuomba maji, umenipa kikombe kitupu."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga. Alipokuwa anageuka kuondoka, alisema bila kumtazama, "Likusanye, ulitengeneze, uliuze. Sitaki kuliona. Na likiozea hapa nitaliona kila siku."

Hivyo ndivyo Nati alivyoanza kulifufua trekta ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Wakulima wa karibu, waliomsubiri Bi Mkubwa kila msimu, walisema wazi kwamba ardhi yao haitalimwa na chuma kilichoua. Aliwaelewa. Alifanya kazi kwa sababu shemeji amesema, na kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini isipokuwa na spana.

Habari zilisafiri, akaja mnunuzi. Alikuwa mzee tajiri aliyestaafu biashara, aliyekuwa anakusanya matrekta ya kale na kuyapanga ndani ya jumba alilojenga kwa ajili hiyo tu; watu walimwita Bwana Makumbusho. Alishuka kwenye gari na viatu vyeupe, akakanyaga oili bila kujali, akamzunguka Bi Mkubwa taratibu kama mtu anayemzunguka mtoto aliyelala. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa pole kwa dhati. Kisha akasema, "Nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani. Liwe kama halijaguswa."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kufuta. Nati alitoa rangi ya tofali yote kwa msasa hadi chuma kikatoka uchi. Usukani aliupasha moto kwa fundi wa kuchomelea na kuunyoosha juu ya fuawe, duara likarudi. Madigadi ndiyo yaliyomshinda kwa muda mrefu. Yalikuwa na bonde pale yalipogonga, na alijua bonde hilo lilikuwa juu ya nini. Alianza kuligonga kwa nyundo ya mbao kutoka ndani, kidogo kidogo, akipapasa kwa kiganja baada ya kila pigo. Fundi wa kuchomelea alimwambia akate bati jipya, ni rahisi zaidi. Nati alisema Bwana Makumbusho anataka la asili. Huo ulikuwa ukweli, lakini si wote. Aligonga hadi bati likawa tambarare, na siku lilipokuwa tambarare alifunga banda mchana, akaenda nyumbani.

Kisha kiti. Kiti cha kwanza cha Bi Mkubwa kilivunjika zamani, na Dereva alikuwa amechomelea kingine, cha mashine ya kupandia, akakitandikia gunia alilolishona mwenyewe kwa sindano ya mkeka. Kilikuwa kimechukua umbo lake. Bwana Makumbusho alipokuja kukagua alitikisa kichwa. "Hiki si chake. Nimeshaagiza cha asili." Nati alikifungua, akakiweka kwenye rundo la vyuma vibovu nje ya banda, akaendelea na kazi. Jioni alipotoka, rundo halikuwepo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita na mkokoteni wake, na mke wa Nati, asijue, akamwambia achukue vyote.

Nati hakumlaumu. Alitoka mbio hadi kwenye uwanja wa chuma chakavu, akakuta milima ya mabati, injini, fremu za vitanda, majiko. Mwenye uwanja alimruhusu atafute. Alitafuta hadi geti lilipofungwa, akarudi kesho yake. Walimwambia lori lilishapakia na kuondoka. Kwa nini alikitaka, hakuweza kumweleza hata mkewe. Kisingeonyesha kitu chochote. Kilikuwa kiti tu.

Ikabaki pini. Alitengeneza moja, akaipima, akaitupa. Akatengeneza nyingine kutoka chuma kigumu zaidi, akaiangalia kwenye mwanga, akaitupa nayo. Kila aliyoimaliza aliona ndani yake ufa usiokuwepo. Meza ya kazi ilijaa pini nzuri zisizo na kasoro, na yeye amekaa mbele yake, tupa mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma. Bwana Makumbusho alimkuta hivyo.

"Hizi za nini?"

"Pini ya komeo la breki. Vipuri vyake havipo, inabidi kuchonga."

"Nani kasema havipo?" Yule bwana alirudi kwenye gari, akaja na kifuko kidogo cha plastiki. Ndani mlikuwa na komeo jipya na pini yake, vinang'aa mafuta ya kiwandani. "Kuna watu ng'ambo bado wanavitengeneza kwa ajili ya sisi wakusanyaji. Viko tele. Unaagiza tu, vinakuja."

Nati alikishika kifuko hicho. Aliitazama ile pini, kisha zile zake mezani. Bwana Makumbusho, aliyedhani amemfurahisha, alimpiga bega kwa upole. "Kuanzia sasa usihangaike kuchonga tena," akasema.

Siku ya kumwasha Bi Mkubwa, Nati alichagua mchana, shemeji akiwa, kama alivyodhani, ameenda kisimani. Injini iliwaka mara ya kwanza tu. Haikukohoa. Ilitulia kwenye ule mlio wake wa chini, wa kukokota maneno, mlio ambao rangi mpya na kiti kipya havikuweza kuubadilisha. Nyumba ya pili kitu cha bati kilianguka. Shemeji alitoka mbio mlangoni, mikono imelowa sabuni, akashika njia ya kuelekea bandani, na usoni mwake kulikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, ya mtu anayempokea mwenziwe kutoka kazini. Alikwenda hatua kadhaa hivyo. Kisha miguu ikakumbuka. Alisimama katikati ya njia, akatazama mikono yake, akarudi ndani polepole na kufunga mlango.

Nati alizima injini. Alikaa kwenye kiti kipya, na hapo alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kichwa juu ya usukani, fundi wa kuchomelea amesimama pembeni akijifanya anakagua tairi.

Lori lilikuja likambeba Bi Mkubwa. Shemeji alichukua sehemu yake ya fedha, akafunga mizigo, akahamia kwa kaka yake, mji mwingine. Aliaga nyumba zote, na kwa Nati alikuja mwisho. Walishikana mikono kama watu wa ofisini. Mke wa Nati alimkumbatia kwa niaba ya wote wawili.

Baada ya hapo kazi za Nati zilikauka. Wenye matrekta mapya waliyapeleka mjini kwenye gereji zenye kompyuta. Wenye ya zamani waliyauza kwa uzito wa chuma. Na wapo waliokwepa banda lake bila kusema kwa nini. Bwana Makumbusho alipomtumia ujumbe kwamba anahitaji mtu wa kuyatunza matrekta yake, mkewe alimsihi akatae.

"Utakuwa unamtazama yule kila siku."

"Na nikikaa hapa namtazama nani?"

Akaenda. Jumba lenyewe lina sakafu ya vigae na taa ndefu, na matrekta yamepangwa safu, mbele ya kila moja kuna kamba ya kuzuia watu. Kazi yake ni kuyafuta, kuyatia grisi, kubadilisha oili ambayo haijachafuka, na kuyawasha kila moja kwa zamu ili injini zisigande. Hakuna linalotoka nje. Matairi yamepakwa rangi nyeusi, hayajui udongo. Ni injini nzuri sana. Wageni huja wakapiga picha, wakauliza lipi ni la zamani kuliko yote, na Nati huwaonyesha. Hajamwambia mtu yeyote kwamba moja kati ya hayo lilikuwa lao.

Baada ya mwaka hivi, shemeji alikuja. Nati alimwona kutoka mwisho wa jumba, amevaa nguo nzuri, amekonda, amesimama kati ya wageni wengine na mkoba ameukumbatia kifuani. Alimfuata.

"Shemeji. Karibu."

"Nilikuwa napita mjini." Macho yake yalikuwa yanarukaruka kutoka trekta hadi trekta. "Nimeamka tu leo nikasema nije nimwone. Yuko wapi?"

Walikuwa wamesimama mbele ya Bi Mkubwa mwenyewe. Alikuwa mwekundu wa kung'aa, maandishi meupe ubavuni, taa mbili za mbele safi kama macho ya mtoto mchanga. Nati alimwonyesha kwa kidevu.

Shemeji alitazama. Alisogea hadi kwenye kamba, akainama, akaangalia madigadi, akaangalia kiti, akaangalia usukani uliokuwa na duara kamili. Alinyoosha mkono akagusa bati, kidole kimoja tu, kama mtu anayepima joto la uji.

"Silo," akasema.

"Ndilo, shemeji."

"Silo. Nimeishi nalo, nimelitukana, nimelifulia matambara. Nalijua." Alikuwa anatikisa kichwa. "Lake lilikuwa na... lilikuwa na kila kitu. Hili halina kitu."

"Nikuwashie usikie?"

"Usithubutu!" Watu waligeuka. Alishusha sauti. "Usithubutu, shemeji. Tafadhali."

Walikaa kwenye benchi la wageni karibu na mlango. Shemeji alimuuliza hali ya mkewe, Nati akamuuliza hali ya kaka aliyehamia kwake. Alisema huko anakaa vizuri, wanamtunza, chumba chake kina dirisha. Alisema sasa analala, siku nyingine. Nati alitaka kumwambia jambo, alikuwa amelibeba mwaka mzima, lakini alipolitafuta halikuwa na umbo. Lilikuwa lilelile la sijui. Shemeji alitazama saa yake, akainuka.

"Nilidhani nikimwona nitapiga kelele," alisema. "Au nitacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili." Akarekebisha mkoba. "Msalimie mwenzio."

Hakurudi tena. Nati husikia habari zake kwa mkewe, ambaye huongea naye kwa simu mara moja moja. Fundi wa kuchomelea alichukua lile banda, akaweka mashine zake. Bwana Makumbusho amenunua matrekta mengine na anaongeza ukumbi.

Nati hurudi nyumbani kila siku kabla ya jua kuzama, ananawa mikono kwenye beseni nje, na siku hizi mikono haichafuki sana, maji hubaki karibu meupe. Mkewe humpokea, humuuliza, "Vipi leo?"

"Yamewaka yote," husema.

Kisha huingia ndani wakala. Mkewe zamani alikuwa akiendelea kumhoji: wageni walikuwaje, alikula nini mchana, mbona yuko kimya. Siku hizi humwekea chakula, hukaa upande wa pili wa meza, na huongea yeye, mambo ya jirani na ya soko, ili pasiwe kimya kabisa.